Nta ya Ndege

Kuna ndege mmoja mdogo wa rangi ya vumbi, hana urembo wowote, ukimwona mtini hugeuki mara ya pili. Wengine humwita mlembe. Huyu ndege hutafuta binadamu. Akikupata anakupigia kelele, anaruka mti hadi mti huku akikungoja, mpaka akufikishe kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wewe una moto na shoka, yeye hana. Unafukuza nyuki kwa moshi, unapasua shina, unabeba asali. Yeye anakula nta na mabuu yaliyobaki. Ndio, nta, ile ya mshumaa. Karne ya 16, mmishonari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala katika Msumbiji ya leo, aliandika kuhusu ndege aliyekuwa akiingia kanisani kudonoa mishumaa.

Kama unadhani ni stori za nyanya, mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mtu akiwa sehemu asiyoizoea, bila ndege, alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Akiongozwa, saa 3.2. Waborana nao humwita ndege kwa mluzi wanaoupuliza kwa viganja au ganda la konokono, na unasikika zaidi ya kilomita moja.

Mpaka hapo ni tamu, unaweza hata kutengenezea tangazo la benki. Sasa sikia upande wa pili. Huyu ndege halei watoto wake. Hutaga kwenye viota vya wengine, kama keremkerem wanaokaa mashimoni. Kifaranga huanguliwa kipofu, akiwa na mdomo wenye ncha kama kulabu. Humo gizani anawauma wenzake wa kiota mpaka wafe, kisha analishwa na wazazi wa wale aliowaua. Baadaye kulabu zinaanguka. Manze! Na ndiye huyo huyo atakayekuja kukuonyesha asali.

Swali linalonisumbua ni hili: je, una deni kwake? Hajakuonyesha mzinga kwa upendo. Alitaka nta, wewe ukawa shoka lake. Wengi wetu tuna jibu la haraka kwamba msaada wenye faida kwa msaidiaji si msaada, ni biashara, na kwenye biashara hakuna shukrani.

Wanaoishi na ndege hawakubaliani. Wayao wa Niassa, Msumbiji, hukusanya nta na kumwandalia juu ya majani mabichi. Wahadzabe wa Tanzania hufanya kinyume. Mara nyingi huichoma au kuizika, ili ndege abaki na njaa na aongoze tena. Sitaki kuwahukumu, wanatafuta chakula cha watoto wao na ndege hajasaini mkataba na mtu. Lakini hiyo mbinu naijua vizuri. Mimi huandika kwa malipo, na nimefanya kazi na wateja wanaokushikia pesa ya kazi ya kwanza mpaka ulete ya tatu. Wanajua ukishiba utapotea.

Halafu kuna mjomba. Alinilipia karo ya chuo miaka miwili, akitangaza kwenye kila sherehe kwamba mimi ndiye nitakayewasomesha watoto wake. Mwaka wa tatu niliacha masomo. Binamu zangu wa rika langu wananiambia nisijisumbue, ati alikuwa anawekeza, na uwekezaji huanguka. Hoja yao ni kwamba nia yake ilifuta deni.

Mimi naona wanakosea. Asali niliyokula ilikuwa asali. Ile miaka miwili ndiyo iliyonipa maktaba, marafiki, na hii kazi ya kuandika. Nia ya mjomba haikupunguza utamu wake hata kidogo. Kama tutangoja asaidiwe mtu na asiye na haja yoyote ndipo tushukuru, tutashukuru nani? Hata mama ana matumaini yake.

Ila pia ndege haombi mzinga wote. Anachukua kile ambacho wewe huli, na hapo ndipo mjomba na mimi hatuelewani. Yeye anadai asali yenyewe: watoto wanne, karo, mpaka wamalize. Hatukuwahi kukubaliana hivyo. Alitangaza tu, mimi nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Mwezi ukiwa mzuri namtumia kitu kwa simu. Anapokea, hasemi asante, na kwa mila za kwetu sitarajii aseme. Mwezi uliopita kifungua mimba wake aliniuliza kama nimsaidie kujaza fomu za chuo. Tulijaza jioni nzima. Sijui mjomba ameihesabu hiyo wapi.