Ni Nani Awaonyeshaye Njia?

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu yatuagiza tuwatazame ndege. Katika Sura Al-Mulk, aya ya 20, tunaulizwa kama hatuwaoni walio juu yetu wakikunjua mbawa zao na kuzikunja, na kwamba hapana awazuiaye angani ila Mwingi wa Rehema. Nakiri mbele yako kwamba kwa miaka mingi niliisoma aya hiyo, na kuihubiri pia, bila ya kuwajua ndege zaidi ya kunguru wa mjini na kuku wa nyumbani kwangu. Aliyenitoa katika ujinga huo ni rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Bungu katika wilaya ya Kibiti. Siku moja tuliyotembea naye pwani ilinifundisha mengi juu ya ndege, na zaidi juu ya swali ambalo huwasumbua wengi wanaotaka kuijua Ahmadiyya. Kwa ajili hiyo naomba unisikilize.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, upepo wa kusi umekwisha legea na mvua za vuli zikitarajiwa. Nchi za kaskazini ya dunia wakati huo majani hupukutika na baridi huanza kuuma, na ndege wao huhama. Tulitoka Bungu alfajiri baada ya sala, tukashika njia ya Nyamisati, kando yake mikorosho pande zote, na watu wameinama chini yake wakiokota. Nyamisati ndiko watu wapandiako vyombo vya kwenda Mafia. Sisi hatukwenda mbali hivyo. Mzee mmoja mvuvi alitupakia katika mtumbwi wake akatupitisha katika vijito vya mikoko na michu hadi pale ambapo miti yaisha na matope yaanza. Siku zile zilikuwa za bamvua. Ilipofika saa nne u nusu bahari ilikuwa imekwenda zake mbali kabisa, na mbele yetu pamebaki uwanda wa tope uliokuwa ukimetameta kama bati jipya.

"Wageni wamefika," akasema yule mzee, akanyosha kidole.

Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona kwamba tope lenyewe latembea! Walikuwa vitwitwi, mamia kwa mamia, wadogo, wakikimbia na kusimama, wakidunga midomo yao topeni kama cherehani idungavyo kitambaa. Rafiki yangu alinipa darubini yake akanionyesha aina moja ambayo mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini. "Maalim," akaniambia, "huyu hazidi sana gramu 60. Amezaliwa mwaka huu huu, mwezi wa Julai, Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, mahali ambapo ardhi chini haiyeyuki hata wakati wa kiangazi. Kutoka huko hadi hapa ulipokaa ni kiasi cha kilomita 10,000."

Nikamwuliza amejuaje kwamba amezaliwa mwaka huu. Akanielekeza niutazame mgongo: manyoya ya ndege mchanga yana ukingo mweupe mweupe, kila unyoya kama umechorwa mstari, hata mgongo wote ukafanana na magamba ya samaki. Kisha akaniambia jambo ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni. Katika aina hii wazazi hawawangojei watoto. Madume huondoka kwanza, mayai yakiwa bado yanaatamiwa. Majike hufuata watoto wanapoweza kujilisha. Na makinda huachwa peke yao katika nchi ile tupu. Wakisha pata nguvu za mbawa, nao huruka. Hawajapata kuiona bahari ya Hindi. Hawana baba wa kuwatangulia wala mama wa kuwangojea njiani. Lakini wanafika.

Nikasema, "Alhamdulillahi! Hii ndiyo hoja ya Nabii Musa a.s. mbele ya Firauni."

Maana Firauni alipouliza Mola wao ni nani, Musa a.s. hakumtajia kwanza mbingu wala radi, bali alimjibu kwamba Mola wetu ndiye aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha akakiongoza. Utaikuta habari hiyo katika Sura Twaha, aya ya 51. Umbo, kisha uongozi. Mdomo uliopinda bila ya kuijua njia ya kwenda kwenye tope lenye chakula ungekuwa chombo kisicho na kazi. Na Yule asiyemwacha kitwitwi wa gramu 60 bila ya uongozi, yawezekanaje amwache mwanadamu wa zama hizi, amwambie kwamba maneno yangu yalikwisha zamani, sasa jitafutie mwenyewe? Sisi Waahmadiyya twasema Mwenyezi Mungu asemaye hajawa bubu. Sheria ilikamilika katika Kurani Tukufu na haitakuja nyingine. Lakini kusema Kwake na waja Wake kungali kupo, na kwa kusema huko ndipo Seyidna Ahmad wa Qadian a.s. alisimama kuwa Masihi na Mahdi aliyeahidiwa, akaanza kupokea baiati mwaka 1889.

Nilidhani nimemaliza. Lakini rafiki yangu ni mwalimu, na walimu hawakubali jibu kwa sababu tu limesemwa kwa sauti.

"Maalim, ngoja," akasema. "Ndege huyu hasikii sauti yo yote. Amezaliwa na mwelekeo ndani yake. Hutazama jua na nyota, tena huhisi nguvu ya sumaku ya dunia. Kama mwelekeo umo ndani, ya nini tena mjumbe? Mtu naye anayo maumbile yake, amezaliwa katika fitra. Si yatosha?"

Swali hili ni zuri, msomaji, wala usimkasirikie aulizaye hivyo. Sikuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe, ingawa hakulijua kuwa ni jibu. Nilimwuliza tu: je, wataalamu wamepata kuwapoteza ndege makusudi, ili waone watafanya nini?

Akacheka, akanisimulia. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, A. C. Perdeck, alitangaza mwaka 1958 habari ya kwezi zaidi ya 11,000 walionaswa Uholanzi wakiwa safarini kuelekea Uingereza na kaskazini ya Ufaransa. Walivishwa pete miguuni, wakapelekwa Uswisi kwa eropleni, wakaachiliwa. Kwezi wakubwa, waliokwisha kusafiri mwaka uliotangulia, walitambua kwamba wametolewa njiani. Wakageuza, wakaelekea kule walikokuwa wakienda tangu awali. Lakini wale wachanga waliruka kwa mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, kana kwamba wangali Uholanzi, wakatokea kusini ya Ufaransa na Hispania. Mwelekeo wao ulikuwa sahihi; mahali walipoanzia palikuwa si pao. Na miaka iliyofuata wengine wao walirudi huko huko Hispania, kwa kuwa ndiko walikokuzoea.

Aliposema neno hilo la mwisho alinyamaza. Nami nikanyamaza, maana niliona limemwingia.

Hebu fikiri. Maumbile tuliyozaliwa nayo ni mema na yanaelekea kwa Mola. Lakini dunia ni kama ule mkono uliowachukua wale kwezi: hutuchukua tukiwa hatujui, kwa mazoea, kwa siasa za wakubwa wa dini, kwa maneno yaliyoongezwa karne baada ya karne, ikatuachilia mbali na pale tulipopaswa kuwa. Hapo twaweza kuruka kwa juhudi na kwa nia safi, tukafika pasipo petu. Anayeweza kusahihisha ni yule tu aliyekwisha kufika na kupajua. Mitume ndio waliofika. Naye ajaye kwa ajili ya Mtume Mtukufu s.a.w., kwa nuru yake na chini ya utii wake, haleti mahali papya. Aturudisha kwenye njia ile ile.

Maji yalianza kurudi. Mzee alitusogeza penye ulimi wa mchanga, tukatawadha kwa maji ya bahari, tukaswali Adhuhuri. Mbele yetu walisimama ndege wengine wakubwa zaidi, weupe, wana weusi mgongoni na mdomo mnene kama kisu. Chakula chao ni kaa. Hawa huzaliana katika fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Omani na Ghuba, huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu jeupe. Nao makinda yao hufanya kinyume cha vitwitwi. Husafiri na wazazi, na hata baada ya kuvuka bahari huendelea kulishwa. Tulimwona mmoja, kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi wake, akimfuata nyuma huku akilia kama mtoto wa mjini anayetaka mandazi.

Rafiki yangu alimtazama huyo kwa muda mrefu. Kisha akasema bila ya kunitazama, "Baba amesema nikitia saini fomu ya baiati, nisihudhurie mazishi yake."

Baba yake ni mtu mcha Mungu, huswalisha katika msikiti wa mtaani kwao. Rafiki yangu amesoma vitabu vyetu kwa miaka miwili. Amekubali kwamba Nabii Isa a.s. alifariki kama mitume wengine, na moyo wake wamwambia aliyeahidiwa amekwisha kuja. Linalomzuia si hoja. "Na babu yangu je?" akaniuliza. "Aliyenifundisha Alfatiha, akafa hajasikia habari hizi?"

Angalia, ndugu msomaji, maajabu ya Kurani Tukufu. Baada ya Musa a.s. kutaja uongozi wa kila kitu, Firauni aliuliza swali hilo hilo: na vizazi vilivyopita, hali yao ni ipi? Firauni aliuliza kwa hila, ili awachochee watu. Rafiki yangu aliuliza kwa machozi. Lakini jibu la Musa a.s. latosha kwa wote wawili: ujuzi wa hao uko kwa Mola wangu, Asiyekosea wala Asiyesahau. Hatukupewa kazi ya kuwahukumu babu zetu. Mimi namwombea babu yake rehema.

Ama kuhusu baba, sikumwambia, "Mwache!" Wako wahubiri ambao wangesema hivyo, nami zamani nilikuwa mmoja wao. Mimi mwenyewe niliipokea kweli kwa kelele, nikaingia nyumbani kwa mjomba wangu na vitabu mkononi, nikamshinda kwa hoja mbele ya wageni wake. Alifariki hatujasemezana tena. Hoja zile zingali za kweli hata leo, na mjomba sinaye.

Katika Sura Luqman, aya ya 16, hata wazazi wanaomlazimisha mtoto ashirikishe, hatawatii katika hilo, lakini ameamriwa akae nao kwa wema. Itakuwaje basi kwa baba aswaliye, anayempenda Mtume s.a.w.? Nikamkumbusha pia ndege wanne wa Nabii Ibrahimu a.s., katika Sura Al-Baqara. Wengi hudhani walichinjwa na kukatwa vipande. Sisi twafahamu kwamba aliamriwa awazoeze, wamwelekee kwa mapenzi, kisha awaweke kila mmoja juu ya kilima chake na kuwaita. Nao wakamjia mbio. Aliyezoezwa kwa mapenzi huitika akiitwa kutoka mbali. Tena Seyidna Ahmad a.s. aliwahimiza wenye kutafuta wamwulize Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwa sala ya istikhara na kwa moyo usioelemea upande wo wote. Nikamshauri afanye hivyo, asinifanyie haraka mimi.

Kufikia saa kumi bahari ilikuwa imefunika kila kitu. Vitwitwi waliinuka pamoja, wakageuka mara moja wote, weupe wa matumbo ukang'aa, kisha hawakuonekana tena. Mwaka 2004 pwani hii ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, wa kuhifadhi ardhi oevu zenye thamani kwa dunia nzima. Yule mzee alipoelezwa hilo alisema ni vizuri, ila yeye alijua tangu utotoni.

Rafiki yangu alinunua kwake kamba wa kutosha watu kumi. Tulipofika Bungu jua limekwisha kuchwa, alinipeleka moja kwa moja hadi kwa baba yake. Mzee alikuwa barazani, mbele yake gunia la korosho. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Mwana akaweka kamba chini, akaketi kwenye mkeka, akaanza kumsimulia habari za ndege wachanga wa Siberia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, ambaye tangu tujuane hajanisemesha ila salamu, akamwuliza mwanawe, "Na mgeni wako huyu, amekula?"

Mpaka ninapoandika haya rafiki yangu hajatia saini. Yungali katika istikhara. Nawe, msomaji uliye katika hali kama yake, mwombee.