Makali ya Upanga wa Mazoezi

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wa hapa Nakuru: Je, mtu aliyenunua upanga butu wa mazoezi kwa mali yake, ana haki ya kuutia makali nyumbani kwake? Wako wasemao kuwa chuma ni chake na tupa ni yake, basi ni nani wa kumzuia?

Jawabu yataka kupambanua kwanza. Chuma chenye makali si kitu kigeni katika Bonde la Ufa. Sime ya Mmaasai, ambayo mafundi huifua kwa springi za magari au tupa kuukuu, ina makali, na kila aionaye alani ajua hivyo. Panga la shamba ni vivyo hivyo. Hapana anayehadaika. Ama upanga wa mazoezi, ubutu wake ni ahadi. Mwenzako husimama mbele yako akauachia mikono yake kwa kuwa ameamini kwamba hautamkata. Mwenye kuunoa kwa siri ameivunja ahadi hiyo kabla hajampiga mtu, kwani umbo limebaki lile lile, na hukumu yake imegeuka. Leo aijua siri yeye peke yake. Kesho mdogo wake atauchukua akacheze nao.

Na chuma chenyewe chatoa ushahidi. Ukingo wa upanga huo huachwa mnene ili ustahimili kugongwa. Ukikwanguliwa ukawa mwembamba hufanya mapengo, na kipande chaweza kuruka machoni. Na ukitiwa katika jiwe la umeme hata chuma kikageuka rangi ya buluu kwa moto, ule ugumu alioutia mhunzi umekwisha kulegea.

Huenda mtu akasema: “Nataka kulinda nyumba yangu.” Neno hili latutisha. Mwezi wa Januari 2008 Nakuru na Naivasha zilitumbukia katika fitina, na Tume ya Jaji Philip Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika machafuko yale, wengine kwa risasi, wengine kwa chuma cha makali. Na katika fitina kila upande hunoa kwa jina la kujilinda. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kupokezana upanga ukiwa nje ya ala yake. Na kuwa alimuusia Ahban bin Saifi ashike upanga wa mti itakapozuka fitina baina ya Waislamu. Sahaba aliusiwa kuacha makali. Sisi twayatafuta pasipokuwa nayo?

Kwa hiyo twasema: kumiliki kitu hakuhalalishi kumhadaa mwenzio kwacho. Tupa nyumbani si haramu. Itumieni kuondoa meno yanayotokea ukingoni kwa kugongana, maana meno hayo hukata, na ukingo ubaki mviringo. Aliyekwisha kuunoa wake, na autoe katika mazoezi, awajulishe wenzake wote, wala asiurudishe mpaka makali yaondoke. Tupa ni ile ile moja. Anayeitumia kumwondolea mwenzake madhara na anayeitumia kumfichia madhara hawawi sawa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.