Juu ya Kuzoea Kazi

Muuguzi mgeni akisema kwamba kazi yake ya kwanza haimpi raha, na kwamba shauri la kuiacha limeanza kumkosesha usingizi, nasaha anayopewa aghalabu ni moja: "Vumilia, mwanangu, utazoea." Husema hivyo mama yake, aliyeingoja kwa miaka siku ya kuianika sare ile nyeupe uani, husema hivyo mjomba wake, aliyelipa karo ya chuo na ajuaye jinsi ajira ilivyo adimu, na husema hivyo sista wa wadi, aliyeambiwa maneno hayohayo zama za ujana wake. Wote wanasema kweli, maana binadamu huzoea karibu kila jambo. Nami nadhani ukweli huo, badala ya kumtuliza, ungefaa kumtia hadhari.

Na tumtazame kazini. Ni wadi ya watoto ya hospitali ya wilaya huku mwambao, saa nane za usiku, watoto wamelazwa wawili wawili, na wenye zamu ni yeye na mhudumu mmoja. Ameletewa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, na kanula haiingii: mshipa unaonekana, ukichomwa unakimbia, anajaribu mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mama wa mtoto akimtazama bila kusema, mpaka inambidi amwite tabibu wa zamu, naye anaiingiza mara moja na kwenda zake. Kunapokaribia kucha, anaona kwamba chati za joto za vitanda vya upande wa dirishani hazijaandikwa kitu, kwa kuwa kipimajoto ni kimoja na usiku umekwisha kwa mtoto yule mmoja, na mwenzake wa zamu ya asubuhi, aliyewahi kufika, anamwambia kwa huruma kabisa, "Jaza tu, dada, si wote wamelala vizuri?" Anaandika 36.8, na 37.0, na 36.9, akizibadilibadilisha tarakimu ili zifanane na kweli, kwa watoto ambao hakuwagusa.

Anarudi nyumbani na uchungu wa namna mbili, naye huuita wote kwa jina moja, kwamba hana raha na kazi. Hapo ndipo penye tashwishi, kwani uchungu ule wa kwanza ni wa mkono usiojua bado, na huu wa pili ni wa dhamira ijuayo vyema.

Wa kwanza dawa yake ni kukaa. Patricia Benner, muuguzi na mwanachuoni wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 jinsi muuguzi apandavyo daraja tano kutoka ugeni hadi umahiri, akasisitiza kwamba yapo maarifa yapatikanayo kando ya kitanda cha mgonjwa tu. Na miaka kumi kabla yake, Marlene Kramer alikuwa amekwisha kuandika juu ya mshituko wa wauguzi wapya wa nchi hiyohiyo, wanapokuta kwamba waliyofunzwa chuoni na yatendwayo wadini hayafanani. Aachaye kazi mwezi wa tatu kwa sababu kanula humshinda, mkono atakaokwenda nao hospitali nyingine ni uleule.

Ajabu ni kwamba uchungu wa pili nao huponywa na dawa hiyohiyo. Mara ya kwanza ya kuandika joto asilolipima, kalamu hutetemeka. Baada ya miezi haitetemeki tena. Aristotle alisema hapo kale kwamba wapigaji kinubi wazuri na wabaya, wote hupatikana kwa kupiga kinubi; basi siku binti huyu atakapojiambia kwamba sasa kazi haimsumbui, hatakuwa na ithibati yoyote ndani ya nafsi yake ya kumjulisha kama kilichomponya ni ustadi au ni ganzi, madhali mwenye ganzi naye hujiona kuwa amekomaa.

Kweli, wapo walioacha kazi kwa kuusikiliza moyo wao. Imam Ghazali, kabla ya kuuacha usomeshaji wake katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad mwaka 1095, alisita karibu miezi sita, leo akiazimia na kesho akighairi, mpaka ulimi wake ukagoma kusomesha. Lakini Ghazali alikuwa kileleni pa elimu yake. Alipokinaika, moyo wake uliitolea ushahidi kazi aliyoijua ndani na nje. Muuguzi wa miezi mitatu hana shahidi wa namna hiyo, wala si haki kuipa nafsi yake peke yake ukadhi na ushahidi katika kesi moja.

Mashahidi wa nje wapo, nao ni wale waliomtangulia, maana kwa kadiri fulani wao ndio yeye wa baada ya miaka kumi. Katika wadi nyingi yuko sista mtu mzima ambaye, akipokea zamu, ijapokuwa chati aliyoishika yasema kila kitu ni salama, huweka mgongo wa kiganja juu ya paji la uso la kila mtoto, kitanda kwa kitanda, akiwauliza mama zao wameamkaje. Palipo na mtu huyo, na neno lake likasikiwa, binti na akae, hata kama mshahara unachelewa na hata kama hulia njiani. Bali pale anapochekwa kwa kuchelewesha watu, au ambapo wote mfano wake wamekwisha kuhama, mimi ningemwambia aondoke, na aondoke mapema, angali anaona haya.

Naijua hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito: wagonjwa hawana pa kuhamia, na kila mwenye haya akienda zake, watoto wale watabaki mikononi mwa nani? Siwezi kuivunja. Naona tu kwamba haimlazimishi kubaki kwa namna ile anayotakiwa kubaki. Aweza kuviacha visanduku vya chati vitupu, akaandika pembeni kwamba hakupima, akatia saa na sahihi yake, akakabidhi zamu. Pengine ataitwa ofisini akaripiwe. Pengine ataulizwa wadi inahitaji vipimajoto vingapi. Majibu hayo mawili hayatoki mahali pamoja, na kabla hajayasikia sioni kwa nini aandike barua ya kuacha kazi.