WAZO LA LEO: Anza na Madhabahu

Mwaka 538 K.K., Mfalme Koreshi wa Uajemi aliwaruhusu Wayahudi warudi kwao kutoka uhamishoni Babeli. Walikuta Yerusalemu ni magofu, na majirani wakiwatia hofu. Hata hivyo, Ezra sura ya 3 yaeleza kwamba walianza na madhabahu. Wakatoa sadaka asubuhi na jioni kabla msingi wa hekalu haujawekwa.

Hapa kwetu Garissa nasi tunaijua hofu: tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliwaua watu 148 katika chuo kikuu, baadhi yao wakiwa kwenye maombi ya alfajiri. Januari 2016 chuo kikafunguliwa tena.

Ndugu yangu wa Ijara, usingoje hofu iishe ndipo umrudie Mungu. Omba leo, hapo hapo Masalani ulipo. Kuta zitajengwa baadaye.