Utafikia kwa Nani?

Fomu imo kwenye simu yangu tangu Machi. Nimejaza jina, chuo, uzoefu wa kazi. Kimebaki kisanduku kimoja kinachouliza kwa nini nataka kuishi Yellowknife. Kila nikikifikia, nafunga simu na kubaki nikisikiliza makarasha ya Katoro yanavyosaga mawe usiku.

Yellowknife ni mji wa watu kama 20,000 kaskazini mwa Kanada, kando ya ziwa liitwalo Great Slave. Desemba jua huonekana kwa muda wa saa tano hivi tu. Baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na ziwa huganda hadi magari yakapita juu yake. Ukiuacha mji kidogo tu, umeingia kwenye misitu, miamba na maji yasiyo na mwisho. Rafiki niliyesoma naye anafanya kazi huko ya kuchukua sampuli za maji, na ndiye aliyenitumia tangazo. "Dada, huku kuna ukimya," aliandika. "Huwezi kuamini."

Huo ukimya ndio ulioninasa. Nimezaliwa Shinyanga, nimefanya kazi Geita, na ardhi niliyoizoea ni ile inayochimbwa, inayosagwa, inayooshwa, kisha marudio yake yanaoshwa tena. Mgodi ulioniajiri ulipopunguza watu, nilijiambia kwamba nimechoka na mashimo. Nilitaka mahali ambapo hapajaguswa.

Mdogo wangu, anayeshuka kwenye duara kila siku, haoni hata swali lenyewe liko wapi. "Nenda, Dada," ananiambia. "Wao walipokuja kwetu waliomba ruhusa ya nani?"

Hoja yake ina uzito. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Quebec, aligundua almasi Mwadui, karibu na mji wetu. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kuipisha kampuni ya Kanada. Mengi ya siku zile yanabishaniwa mpaka leo, lakini hakuna anayebisha kwamba watu waliondolewa. Basi kama Mkanada alikuja kutafuta riziki chini ya miguu yetu, kuna ubaya gani mimi nikiifuata riziki yangu kwake?

Kwa miezi miwili niliishi na jibu hilo, na lilinistarehesha. Kisha nikaanza kusoma habari za mji wenyewe.

Yellowknife ulizaliwa na dhahabu, kama Geita. Jina lake linatokana na Wadene wa pale, walioitwa hivyo kwa sababu ya visu vyao vya shaba. Mgodi wa Con ulianza kutoa dhahabu mwaka 1938, wa Giant mwaka 1948. Dhahabu ya Giant ilikuwa imefungwa ndani ya mawe yenye aseniki, hivyo mawe yalichomwa, na sumu ikatoka na moshi ikatua juu ya theluji. Wadene waliyeyusha theluji kupata maji ya kunywa. Mwaka 1951 mtoto wao mmoja alikufa kwa sumu hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 2004, ukaacha chini ya ardhi tani 237,000 za vumbi la aseniki. Mpango uliopo ni kuligandisha hukohuko chini na kuendelea kulilinda. Ndiyo maana kuna kazi ya kupima maji. Ndiyo maana kuna nafasi yangu.

Hapo hoja ya mdogo wangu ilivunjika mikononi mwangu. Walioondolewa Bulyanhulu wanadai, sawa. Lakini Wadene hawakumtuma mtu Mwadui. Nikienda kwao kwa kisingizio cha kulipiza, nitakuwa nimebisha hodi kudai deni kwenye nyumba ambayo nayo inadai.

Na ule ukimya nao una wenyewe. Sisi tulitakiwa kulijua hili kabla ya wengine. Mtalii anaitazama Serengeti akaona pori tupu, wakati Wamaasai waliokuwa wakichunga humo walihamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara nyingi pori ni jina ambalo mgeni huipa nyumba ya mtu asiyemwona.

Nilipomweleza Mama, sikuthubutu kuanza na aseniki. Nilianza na mshahara. Hakuuliza ni kiasi gani. Aliuliza anachomuuliza kila msafiri, hata anayekwenda Kahama tu: "Utafikia kwa nani?"

Nilijibu kwamba kampuni itanipangia nyumba. Akanitazama kama mtu asiyeelewa Kiswahili.

Simaanishi kwamba anayebaki ni mtakatifu. Lwamgasa, mwendo mfupi kutoka hapa, watu wanakamata dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu. Mimi ninajua kupima maji. Nimekaa mwaka mzima bila kwenda kuchukua hata chupa moja, kwa sababu hakuna wa kunilipa. Kubaki kwangu hakujamsaidia mtu. Na najua ardhi iliyochoka inaweza kuamka: utotoni nimecheza kwenye ngitili, malisho ambayo wazee walikubaliana kuyafunga ili yapumzike. Chini ya mradi wa HASHI, ulioanza 1986, miti ilirudi kwenye sehemu za Shinyanga zilizokuwa zimebaki vumbi. Ilirudi kwa sababu watu waliojuana kwa majina waliwekeana masharti na kuyashika.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nadhani hilo ndilo swali halisi la kuhama, huku na huko: kufika kwako kutamponya nani? Haki ya kwenda ninayo. Kitu ambacho sijakipata ni mwenyeji.

Wiki iliyopita nilimwandikia rafiki yangu: wenyeji wa huko, wale Wadene, unawafahamu? Ana miaka mitatu pale. Jibu lilichukua siku mbili. "Kusema kweli, bado."

Fomu sijaifuta. Lakini mtu wa maabara Mwanza amekubali kunipimia chupa sita bure, na Jumamosi nakwenda Lwamgasa. Mama ana binamu yake kule. Nitafikia kwake.