Yamepokelewa na Nani?

Shangazi yangu huuza mchicha, kisamvu na mnavu kwenye soko ambalo kaunti yetu inataka kulihamisha. Simu yake ni kabambe, ile ya tochi, na anaipenda kwa sababu ikianguka haivunjiki. Kwa hivyo ilani ya kaunti ilipoingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, ikiwa na linki ya fomu na onyo kwamba mwisho wa kutoa maoni ni Jumanne, yeye haikumfikia. Ilinifikia mimi, na Jumapili jioni nikaenda kwake kumjazia.

Kwanza jina na nambari ya kitambulisho. Kisha swali lenyewe: je, unaunga mkono mradi wa kuhamisha soko? Ndiyo, Hapana, Sina hakika. Nikamsomea. Shangazi akaacha kuchambua mnavu, akaanza kunieleza. Ati pale wanapotaka kuwapeleka, yeye na marehemu mumewe walikuwa wakipanda mpunga. "Na mpunga, mwanangu, haupandwi pakavu." Akanionyesha kwa mkono maji yalikotokea, yaliposimama, na jinsi yalivyokataa kuondoka wakati wa El Niño ya 1997. Hakuwa anakataa kuhama. Soko la sasa halina choo wala paa la maana, na hilo analijua kuliko sisi sote. Alichosema ni kwamba wainue ardhi kwanza, wachimbe mtaro mpaka kwenye korongo, halafu ndiyo wajenge vibanda. Yalimchukua kama nusu saa, pamoja na habari za ng'ombe wa jirani aliyekwama kwenye tope, ambazo sikuelewa zinahusu nini mpaka baadaye. Kumbe alikuwa ananieleza kina.

Kisanduku cha maoni ya ziada kilikubali herufi 200 tu. Nikaandika: anahofia mafuriko. Nikatuma.

"Wamesemaje?" akauliza.

Nikamsomea skrini: "Asante. Maoni yako yamepokelewa."

"Yamepokelewa na nani?"

Nilicheka, kisha nikakosa jibu. Lugha yetu ina njia rahisi sana ya kumficha mtu: unatia w moja katikati ya kitenzi, mtendaji anatoweka. Maoni yamepokelewa. Mradi umeidhinishwa. Soko limehamishwa. Shangazi hakukaa darasani kufundishwa kauli ya kutendwa, lakini umwambie pesa zake zimechukuliwa, hataacha kukuuliza zimechukuliwa na nani. Kwa nini maneno yake yawe na thamani ndogo kuliko pesa zake?

Tangu siku hiyo swali linanisumbua: anayemuuliza mwenzake maoni anajitwika deni gani?

Kwamba ni lazima tuulizwe, hilo halina ubishi. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 196 kinalitaka kila bunge la kaunti lituhusishe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hata inataja teknolojia ya mawasiliano kuwa mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Basi fomu ya simu si ujanja wa kukwepa sheria. Lakini mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, na Jaji Odunga akasema jambo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani kwenye ofisi zote 47: haitoshi kurusha ujumbe kwenye Twitter na kumwachia anayejali autafute mwenyewe. Nendeni makanisani, alisema, misikitini, kwenye mahekalu, barazani, kwenye redio za lugha za mama. Kwa maneno mengine, mfuateni mtu alipo.

Sasa, msinielewe vibaya, sina hamu ya kurudi barazani kwa moyo wote. Baraza nalijua. Linaitishwa Jumatano saa nne asubuhi, wakati muuza mboga yuko mezani pake. Viti vya mbele ni vya wazee, maikrofoni inazunguka kwa wale wale watatu, na mama akisimama kuna mtu nyuma atakayeguna. Shangazi amehudhuria mabaraza tangu ujana wake na sikumbuki akiniambia hata siku moja kwamba alisema neno. Kuna majirani zangu wanawake ambao usiku, watoto wakishalala, wameandika kwenye simu mambo ambayo wasingethubutu kuyatamka mbele ya mashemeji zao. Ukiwanyang'anya simu umewaziba mdomo tena.

Na wala si kwamba hatuwezi kuitumia. Mwaka 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha, wakautafsiri kwa lugha za kwao, wakaueleza kwa video fupi, wakawajazia wabunge simu kwa jumbe. Kodi kadhaa ziliondolewa, ikiwemo ile ya mkate. Hata hivyo tarehe 25 Juni mswada ulipitishwa, watu wakauawa barabarani, na kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Siku hizo hakuna aliyeweza kusema sauti haikufika. Ilifika. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuka na kusema: tumesikia hili, hili tumelikataa, na sababu ni hii.

Je, ni lazima aseme? Hapa hata mahakama zetu zimetofautiana. Mwezi Julai mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ilishikilia kwamba Bunge lina wajibu wa kueleza kwa nini limekubali au limekataa maoni ya umma. Mwezi Oktoba Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo: wajibu wa namna hiyo haukuandikwa waziwazi, ingawa uwazi ni mwenendo mwema. Mimi si wakili. Ila najua kwamba mtu akipiga hodi kwangu, nikasema karibu, naye akageuka akaenda zake, hajavunja sheria yoyote. Lakini ameniacha mlangoni nimeshika komeo, na siku nyingine akipiga hodi huenda nisitoke.

Nimekuwa nikiisema kaunti. Sasa niseme na langu.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko mita chache tu kutoka soko hilo. Likihama, wateja wangu wanahama nalo. Wiki ile niliwajazia watu 11, kwa sababu ndiye mimi mwenye bando na macho ya kusoma maandishi madogo. Shangazi hakusema Ndiyo, wala hakusema Hapana. Mimi nilitia Hapana. Sikumuuliza. Kidole kilikwenda chenyewe, au ndivyo nilivyojiambia. Wengine kadhaa nao walinieleza mambo yenye "lakini" ndani yake, nami zile "lakini" zote nikaziangusha upande wangu. Fomu haikuniona. Barazani angalau wangeona mkono wangu ukiwa juu, wakajua fundi anatetea kibanda chake. Simu ilinipa mikono 11 na hakuna aliyeihesabu. Karani wa kaunti aliyenificha jina lake na mimi niliyejificha nyuma ya kitambulisho cha shangazi, sijui tunatofautiana wapi.

Nilimwambia. Aliniangalia kwa muda, hakunigombeza. "Twende," akasema.

Tulikwenda ofisi ya wadi Jumatano, siku moja baada ya mwisho wa maoni. Tulimkuta kijana mpole aliyetuambia muda umepita na kila kitu kiko kwenye mfumo. Shangazi akavuta kiti. Akamweleza mpunga, korongo, ng'ombe. Yule kijana mwanzoni alikuwa akiitazama kompyuta, kisha akaacha kuitazama, akauliza ng'ombe alizama mpaka wapi. Shangazi akaonyesha kifuani. Mwishowe akachukua karatasi, akayaandika, akapiga muhuri nakala moja akatupa. Shangazi akairudisha.

"Niandikie na jina lako hapo chini, mwanangu."

Akaliandika. Shangazi akaikunja karatasi, akaifunga kwenye ncha ya leso pale anapofungia hela za mauzo. Jibu halijaja bado. Njiani alikuwa kimya mpaka tulipolikaribia soko, ndipo akaniuliza, "Na wale kumi wengine?"

Mpaka leo nimewaendea watatu.