Watano Hawatoshi

Uganda ina jambo ambalo nchi nyingi tajiri hazina: viti vya watu wenye ulemavu bungeni, vilivyotokana na Katiba ya 1995. Viti ni vitano, na angalau kimoja lazima kikaliwe na mwanamke. Huko chini, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ikaongeza madiwani wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke, katika mabaraza. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia bungeni na mkalimani wa lugha ya alama. Margaret Baba Diri, asiyeona, aliingia mwaka huohuo kwa kiti cha watu wenye ulemavu, na baadaye wapiga kura wa Koboko wakamfanya Mbunge Mwanamke wa wilaya yao, mwakilishi wa kila mtu.

Najivunia hayo yote. Ila siku hizi nashuku kwamba viti hivyo vitano vimetupa sisi wengine pa kujificha.

Jirani yangu mmoja hapa Kampala hushona sare za shule. Cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu polio ilimwacha na miguu isiyoweza kukanyaga pedali. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unasukuma kitambaa, na pini huziweka midomoni, kwa hiyo mazungumzo naye huwa ya vipande vipande. Kikundi chao kiliomba ile ruzuku maalumu ya watu wenye ulemavu inayopitia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii tangu mwaka wa fedha wa 2009/10. Wakaambiwa wasubiri, fungu ni dogo, na inasemekana litapunguzwa tena. Akaniuliza ampigie nani simu.

“Mbunge wako,” nikamwambia.

“Yule wa walemavu? Namba yake sina.”

“Huyu wa hapa jimboni.”

Akatoa pini mdomoni ili acheke vizuri. “Huyo ni wa barabara na mitaro, mzee. Sisi tuna wa kwetu.”

Huyo “wa kwetu” hakumchagua yeye. Wabunge wa watu wenye ulemavu huchaguliwa na wajumbe kutoka wilayani, na jirani yangu si mjumbe. Kura aliyoitumbukiza sandukuni kwa mkono wake mwenyewe, baada ya kupanga foleni juani, ilikuwa ya huyu wa barabara na mitaro. Na Bunge letu lina wabunge zaidi ya 500. Hao watano wakipiga kelele mpaka sauti ziwakauke, bado watashindwa kwa hesabu ikiwa wenzao wanadhani jambo lenyewe haliwahusu.

Haki za watu wenye ulemavu kwetu hukatwa kimyakimya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilimwahidi mwajiri binafsi aliyeajiri watu 10 au zaidi wenye ulemavu punguzo la asilimia 15 ya kodi. Mwaka 2009 Sheria ya Kodi ya Mapato ikarekebishwa, punguzo likawa asilimia 2. Kumi na tatu ziliondoka kwa mstari mmoja wa sheria ya kodi, ambayo ni nani anaisoma jioni akirudi kutoka kazini? Na tukumbuke kwamba hakuna posho ya kila mwezi ya ulemavu Uganda. Wazee sana wana shilingi 25,000 kwa mwezi. Fundi wangu, mpaka azeeke, ana ruzuku ya kikundi, akiipata. Pa kukata hapapo, na bado panakatwa.

Waingereza, ambao posho ya ulemavu wanayo, walitishiwa kupunguziwa. Machi 2025 serikali ya chama cha Labour ilitangaza kukaza masharti ya PIP, fedha za kumsaidia mtu na gharama zinazoletwa na ulemavu wake. Watu wakawaandikia wabunge wao wa majimbo, wakawaeleza nani anawaogesha na nani anawapikia. Marie Tidball, mbunge mwenye ulemavu, alisimama kuupinga muswada wa chama chake mwenyewe. Angekuwa peke yake angepigiwa makofi ya adabu na mambo yangeendelea. Lakini zaidi ya wabunge 100 wa chama tawala walikuwa wametia saini kuupinga, wengi wao wazima wa viungo, na tarehe 1 Julai, mjadala ukiendelea, serikali ikatangaza kukiondoa kifungu cha PIP. Hawakushinda yote: makato kwa wagonjwa wapya wasioweza kufanya kazi yalipita.

Kwetu tatizo jingine ni majira. Tunaamka Juni, hotuba ya bajeti inaposomwa, tunalalamika redioni. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa mfumo wa bajeti hufika bungeni ifikapo 31 Desemba, makadirio ifikapo 1 Aprili, na Bunge huyapitisha ifikapo 31 Mei. Juni chungu kimeshaepuliwa. Sheria hiyohiyo inadai bajeti iwe na cheti cha kuzingatia jinsia na usawa, kinachotolewa kwa kushauriana na Tume ya Fursa Sawa. Mbunge yeyote anaweza kukiuliza.

Basi tulimwandikia mbunge wa jimbo barua, kwenye meza ya jirani yangu ya kukatia vitambaa. Nilitaka kuanza na polio; akakataa, akasema Mheshimiwa akihurumia atatuma sukari. Akataka iandikwe kikundi kina watu wangapi, kinashona sare ngapi kwa muhula, kinawauzia akina nani, na cherehani moja zaidi ingeongeza nini. Mwisho akauliza swali moja: fungu la wizara litakapofika bungeni, utasemaje? Nakala ikaenda kwa mwakilishi wa watu wenye ulemavu, ili ajue kwamba kuna mwenzake wa kumshika mkono.

Msaidizi wa mbunge alijibu kwa WhatsApp, kwa heshima zote, akiuliza kikundi kinatarajia mchango wa shilingi ngapi kutoka kwa Mheshimiwa. Ndivyo tulivyowazoesha: msiba, harusi, karo, mchango. Jirani yangu akazungusha cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akachukua simu. Akajibu kwamba pesa za Mheshimiwa abaki nazo, yeye anasubiri jibu la swali lake, na mkutano wa kikundi ni Jumamosi saa nne, msaidizi anakaribishwa kuja kulisoma.